Tapeli Huja na Ushahidi Wake

Kuta za Mbagala, Yombo, Tegeta na Bunju, jijini Dar es Salaam, zina maandishi ambayo mgeni hayaelewi mara moja: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Nani anatangaza kitu asichouza? Mwenyeji haulizi. Anajua kuna siku mtu aliletwa kwenye nyumba kama ile, akakaribishwa sebuleni, akazungushwa vyumba vyote mpaka choo cha uani, akatajiwa bei ya kirafiki na akatoa malipo ya awali. Aliyempokea hakuwa mwenye nyumba. Alikuwa mpangaji, au mmoja wa watoto wa marehemu ambaye ndugu zake hawakuwa na habari, au dalali aliyeachiwa funguo. Na mnunuzi, kabla hujamcheka, alifanya kile ambacho wengi wetu tungekifanya: alikwenda kuiona nyumba kwa macho yake.

Hapo ndipo ushauri wetu wa kila siku unapopwaya. Mtu akilizwa, mtaa mzima unasema "tamaa", na mjadala unafungwa. Tamaa ipo, sitaitetea. Lakini mama anayetuma laki tatu za kodi kwenye namba ambayo si ya mwenye nyumba wake ana tamaa ya nini? Anawahi kulipa kabla hajagongewa mlango. Kijana anayetoa elfu kumi na tano ya "fomu" ya kazi ya kiwandani anatafuta kazi. Anayemrudishia mtu asiyemjua elfu hamsini "zilizokosewa" ni mwaminifu kuliko wengi wanaomcheka. Matapeli wa mji huu wanawakamata watu kwa madeni yao, adabu yao na dini yao kama wanavyowakamata kwa tamaa, na anayejihesabu kuwa hana tamaa hujiona yuko salama wakati hayuko.

Ninaloomba ulishike ni moja. Tapeli anajua utataka uthibitisho, kwa hiyo anakuja nao. Nyumba ipo. Jina linatokea. Jirani kweli amelipwa. Karibu kila aliyepigwa alihakiki kwanza, ila alihakiki kwa njia aliyooneshwa na yuleyule anayemhakiki. Ukitoka na hili tu, inatosha: kabla fedha haijatoka, thibitisha kwa njia uliyoichagua mwenyewe, bila yeye kuwepo.

Tuanze na utapeli wa bei rahisi kuliko wote. "Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani." Ujumbe huu umezunguka kwenye simu zetu miaka mingi, watu wanautania kwenye vijiwe, na bado unawalipa wanaoutuma. Unapelekwa kwa maelfu ya namba bila kuchagua. Kati ya maelfu hayo wapo ambao asubuhi hiyohiyo wameahidi kumtumia mtu fedha: kodi, ada, hela ya mchezo, mchango wa msiba. Tapeli hamjui mwenye nyumba wako wala kijumbe wako. Hakutaja kiasi wala hakutaja deni. Nafasi zote zilizobaki wazi umezijaza wewe kwa mambo yako mwenyewe, ndiyo maana ujumbe ukakaa sawa kama ulioandikwa kwa ajili yako.

Halafu kuna hilo "jina litakuja". Tangu laini zianze kusajiliwa kwa alama za vidole, na zile zisizosajiliwa kuanza kuzimwa Januari 2020, wengi wetu tumeliamini jina linalotokea kwenye simu tunapotuma fedha. Kama mtu amesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA, atajificha wapi? Anajificha nyuma ya mtu mwingine. Msajili wa laini aliyekaa chini ya mwavuli kando ya barabara anamwambia mteja kidole hakijasoma, rudia tena, na tena. Mteja anaondoka na laini moja, huku nyingine zikibaki na msajili, zote kwa jina la mteja. Baadaye zinauzwa. Kwa hiyo jina linalotokea linaweza kuwa la mama muuza vitumbua wa Tandika ambaye hana habari kwamba kuna laini inayotumia jina lake. Piga *106# leo, ufuate maelekezo, uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtandao husika ikafutwe. Usipofanya hivyo, siku polisi watakapoifuata namba hiyo watafika kwako.

Dawa ya ujumbe wenyewe ni nyepesi. Usiujibu, wala usipige namba iliyoutuma. Mpigie mwenye nyumba kwa namba uliyokuwa nayo siku zote, usikie sauti yake. Ujumbe wenyewe upeleke 15040, namba ya kuripoti matapeli iliyowekwa na TCRA, kisha uufute.

Simu ya "huduma kwa wateja" ni ndugu wa ujumbe huo, ila huyu ana ulimi. Anakuita kwa jina lako kamili. Anataja muamala wako wa jana. Ana sauti ya ofisini, na nyuma yake unasikia makelele ya simu nyingine. Anasema akaunti yako iko hatarini kufungwa, au umeshinda promosheni, au kuna fedha imeingia kimakosa. Wasiwasi unakushika, na unaona mtu anayejua haya yote lazima awe wa kampuni. Kwa nini? Jina lako linatokea kwa yeyote anayejaribu kukutumia fedha. Muamala wako ulionekana na aliyekuwa amesimama nyuma yako kwa wakala, au kwenye daftari la wakala mwenyewe. Hakuna siri hapo.

Usibishane naye, kwa sababu kazi yake ni kuongea, na yako ni nyingine. Kata simu, upige 100 mwenyewe. Hiyo ndiyo namba ya huduma kwa wateja, na ukiipiga wewe unajua umempata nani. Anayekwambia "usikate, ukikata akaunti inafungwa" ameshajieleza. Namba ya siri hakuna mfanyakazi wa mtandao anayeihitaji, hata tarakimu moja. Usibonyeze vinyota na reli anavyokusomea, maana vingine vinahamisha simu zako kwenda kwake. Na akija rafiki kwenye WhatsApp akiomba umsomee tarakimu sita "nilizozituma kwako kimakosa", fahamu kwamba rafiki huyo alishaibiwa akaunti yake, na sasa wanataka ya kwako ili wakawakope jamaa zako kwa picha yako.

Kuhusu fedha "iliyokosewa": usiangalie ujumbe, angalia salio. Ujumbe wa kuonesha umepokea laki moja unaweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye simu. Ingia kwenye menyu ya mtandao wako, *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa ile iliyokuwa Tigo Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, usome salio lako. Na hata kama fedha imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako. Aliyekosea apige 100, kampuni irudishe muamala. Akikataa njia hiyo na kuanza kulia kwamba mtoto yuko hospitali, wewe baki hapohapo. Ni vigumu, najua. Tumelelewa kutomwacha mtu analia.

Sasa nije kwenye jambo jingine lililokomba fedha nyingi: mbegu.

Waliokuwa Dar es Salaam miaka ya 2007 hadi 2009 wanaikumbuka DECI, ofisi yake Mabibo, na foleni zake. Ulikuwa huwekezi, ulikuwa unapanda mbegu. Baada ya wiki kadhaa ulikuwa hulipwi faida, ulikuwa unavuna. Baadhi ya viongozi wake walikuwa wachungaji, na lugha hiyo iliingia masikioni mwa waumini bila kugonga hodi. Watu walivuna kweli. Hilo ndilo linalosahaulika tunapowacheka. Jirani alipanda laki moja, akavuna zaidi ya laki moja, akanunua kabati, na kabati likaonekana. Ushahidi gani tena ungeutaka? Mwaka 2009 serikali ikaingilia kati, akaunti zikazuiwa, na waliokuwa wamepanda wiki za mwisho wakabaki na risiti. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake kadhaa. Kutiwa hatiani si kurudishiwa.

Ungedhani mji umejifunza. Miaka tisa tu baadaye wakaja kuku. Mr Kuku Farmers, iliyokuwa na shamba Kigamboni, ilikusanya fedha za watu kati ya mwaka 2018 na 2020 kwa ahadi ya faida ya asilimia 70 ndani ya miezi minne, au 90 ndani ya miezi sita. Safari hii ushahidi ulikuwa unawika: mabanda yapo, kuku wapo, picha zipo mtandaoni. Mkurugenzi wake alifikishwa Kisutu, akatiwa hatiani, na zaidi ya shilingi bilioni 5 zilizokuwa benki zikaamriwa zitaifishwe. Soma neno hilo la mwisho kwa makini kama unadhani mahakama itakuokolea mtaji.

Wala hukuhitaji kuwa mhasibu kuugundua utapeli huo. Asilimia 70 kwa miezi minne, ukirudisha fedha na faida yake kila unapovuna, inageuza milioni 1 kuwa karibu milioni 4.9 kwa mwaka. Benki zetu zinakopesha kwa asilimia kumi na kitu kwa mwaka. Mtu mwenye biashara inayozaa namna ile angekopa benki, akalipa riba yake, akabaki na utajiri wote kwake. Kwa nini anazunguka Buza na Mwananyamala kukusanya laki tanotano za wauza genge, na kuwagawia faida ambayo angeila peke yake? Swali hilo muulize anayekuletea fursa, umwangalie anavyojibu. Atajibu kwa hisia: anapenda watu, anataka kuinua vijana, Mungu amempa maono. Hatajibu kwa hesabu.

Mwaka 2025 mambo yakahamia kwenye simu. LBL, ambayo wengi waliijua kama Leo Beneath London, iliwalipisha watu kiingilio ili waangalie vipande vya filamu kwenye simu na "kulipwa" kila siku. Februari mwaka huo polisi walikamata watu katika mikoa kadhaa, Dar es Salaam ikiwemo. Kulikuwa na makundi ya WhatsApp na walioonesha miamala ya fedha walizotoa. Miamala mingine ilikuwa ya kweli, kama kabati la yule wa DECI. Malipo ya mwanzo ndiyo matangazo yao, na yanalipwa kwa fedha ya aliyeingia jana. Kwa hiyo "mimi nimeshalipwa mara mbili" haithibitishi kitu. Inakuambia tu kwamba bado wanaingia watu.

Usichanganye haya na mchezo, yaani upatu, wa akina mama wa Tandika au Mwananyamala. Katika mchezo fedha haizai. Watu kumi wanatoa elfu ishirini ishirini, na kila zamu mmoja anaondoka na laki mbili, basi. Usalama wake uko kwenye kujuana: kila mmoja anajua mwenzake anakaa wapi na mumewe anafanya kazi gani. Tapeli huazima jina hilo la upatu na heshima yake, kisha anaondoa kujuana na kuongeza faida. Ukisikia upatu unaozaa, jua umebaki jina tu. Sheria yetu ya kanuni za adhabu inauita kosa la jinai, na anayeingiza wenzake anaweza kujikuta upande wa washtakiwa.

"Lakini wana cheti cha BRELA." Wanacho, na namba ya mlipakodi wanayo. Usajili wa BRELA unaonesha kwamba kampuni ipo, kama cheti cha kuzaliwa kinavyoonesha kwamba mtu amezaliwa. Ruhusa ya kupokea amana za watu inatolewa na Benki Kuu, na ya kuuza uwekezaji kwa umma inatoka kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Waulize leseni ya nani wanayo, kisha usiisome kwenye karatasi waliyokupa. Nenda kwenye orodha ya Benki Kuu wewe mwenyewe, au mwombe kijana wako mwenye simu nzuri akutafutie. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Baadhi ya watu waliokuwa wakizitumia walishaona majina ya jamaa zao yote yakichotwa kwenye simu, kisha wakwe na mabosi wakitumiwa ujumbe wa kuwadhalilisha kwa deni la elfu arobaini.

Mkopo una mtego mwingine mfupi: ukiambiwa ulipe kwanza ndipo upewe, iwe wanaita bima, ada ya usajili au "kufungua faili", hakuna mkopo. Hali ni hiyohiyo kwa kazi. Mwajiri wa kweli hauzi fomu.

Viwanja vinataka maneno zaidi, kwa sababu huko fedha ya miaka kumi inaondoka kwa siku moja. Chamazi, Toangoma, Mabwepande, mji unapanuka na kila kichaka kina dalali. Kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu watatu si hadithi. Nenda baraza lolote la ardhi ukakae benchi la nyuma. Mnunuzi hupelekwa Jumapili, kwa gari ya dalali, anakutana na "mwenye eneo", na "jirani" anapita kwa bahati na kusema mzee huyu tunamjua tangu zamani. Kisha ofisi ya serikali ya mtaa, muhuri, picha ya pamoja.

Rudi peke yako. Nenda Jumanne jioni bila kumwambia dalali, panda daladala na bodaboda, ukae kwenye duka lililo karibu ununue soda. Uliza kiwanja kile ni cha nani, na kama kuna mtu mwingine amewahi kuletwa. Gonga kwa majirani wa mipaka yote minne, kwa sababu wao ndio watakaokuja kugombana nawe na mara nyingi ndio wanaojua kesi iliyolala. Kama kiwanja kimepimwa, omba upekuzi rasmi ofisi ya ardhi kwa namba ya kiwanja na kitalu, na subiri majibu yake hata dalali akikuambia kuna Mchaga anakuja na fedha taslimu kesho. Muhuri wa mtaa unaonesha mlikutana ofisini. Haumfanyi muuzaji kuwa mwenye ardhi. Kama ni mali ya marehemu, dai barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi, na jina lililo kwenye barua liwe la anayekuuzia. Kama ni nyumba ya ndoa, ridhaa ya mke au mume ni matakwa ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwa hiyo mke "aliyesafiri" asubiriwe arudi. Wakili umtafute wewe. Wakili aliyeletwa na dalali ni wa dalali. Malipo yapitie benki, kwa jina lililo kwenye mkataba.

Kwa wapangaji ni hivyohivyo kwa kiasi kidogo. Chumba kimoja huoneshwa watu watano, na kila mmoja anatoa kodi ya miezi sita. Usilipe kabla hujazungumza na mpangaji anayehama au wa chumba cha pili, bila dalali kuwepo, umuulize mwenye nyumba huwa analipwaje.

Na kama umeshapigwa? Dakika za mwanzo ni fedha. Piga 100 hapohapo, toa namba ya muamala, omba fedha izuiwe kabla haijatolewa kwa wakala. Kama ni benki, piga benki. Kisha nenda kituo cha polisi ufungue jalada, upewe namba ya RB, kwa sababu bila namba hiyo kampuni nyingi hazitasonga mbele. Usifute ujumbe hata kama unakuudhi kuusoma. Mwambie mtu wa nyumbani siku hiyohiyo. Wengi wanakaa kimya kwa kuogopa kuchekwa, na wiki inayofuata namba ileile inamliza shemeji yao.

Jihadhari pia na anayekuja baadaye. Majina ya waliolizwa huuzwa. Baada ya mwezi mmoja au miwili utapigiwa na "ofisa" anayejua kiasi ulichopoteza, tarehe, hata jina la kampuni, na anasema fedha zenu zimepatikana. Ana namba ya jalada. Amekutumia picha ya barua yenye nembo ya taifa. Kinachohitajika ni laki moja na ishirini ya kufungulia akaunti, na itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani.